UZI: Nyumba za Wabizanti juu ya Agora ya Athene, zile zilizovunjwa ili Sokrates aonekane

MzeeSururu

Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa falsafa kuna mdau aliuliza kama soko alilokuwa anabishania Sokrates bado lipo. Lipo, linaitwa Agora, liko chini ya kilima cha Akropoli upande wa kaskazini-magharibi. Ila ukijibu "lipo" watu wanadhani lilikaa tu likisubiri watalii. Kumbe lilikuwa limefukiwa chini ya mtaa mzima wa watu, na chini ya mtaa huo kulikuwa na mtaa mwingine wa watu waliokufa miaka 900 iliyopita. Wa juu tunawajua, walilipwa fidia wakahama. Wa chini kabisa ndio akina Sokrates. Hawa wa katikati, Wagiriki wa zama za dola ya Bizanti (ile Roma ya mashariki, makao makuu Konstantinopoli), hakuna anayewataja, na ndio nataka tuwaongelee leo.

Twende taratibu. Agora ilikuwa uwanja wa umma: mahakama, baraza la mji, mahekalu, maduka, na zile stoa, yaani kumbi ndefu zenye safu za nguzo ambako watu walikwepa jua na kupiga soga. Mwaka 267 Waheruli, kabila la Kijerumani kutoka kaskazini, walivamia Athene wakachoma sehemu kubwa ya hapo. Mji ukajikunja ndani ya ukuta mpya uliojengwa kwa mawe ya majengo yaliyobomoka. Miaka ya 580 ukaja uvamizi mwingine, safari hii Waslavi, na baada ya karne ya 7 eneo lile likawa kama pori. Udongo ukashuka kutoka milimani kila mvua, ukafunika kila kitu.

Kufika karne ya 10 watu wakarudi. Hawakuwa na habari kwamba chini yao kuna mahakama wala baraza. Waliona kiwanja kitupu chenye mawe mazuri ya bure. Karne ya 11 na ya 12 mtaa ukajaa. Kanisa la Mitume Watakatifu, lililojengwa karibu mwaka 1000, bado limesimama pale pale ndani ya Agora, ni kama shahidi wa mtaa wenyewe. Halafu mwaka 1204 Leon Sgouros, mbabe mmoja kutoka upande wa Peloponeso, akaushambulia mji na kuuchoma, na muda si mrefu Wafaranga, yaani wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya magharibi, wakaingia.

Nashusha sehemu ya pili sasa hivi, msikimbie.

BintiMakumbusho

Nimeshaweka mkeka. Mkuu, usisahau kueleza wamejuaje ni karne ya 10 na si ya 13. Huwa mnaruka hapo.

MzeeSururu

Siruki dada yangu, subiri.

SEHEMU YA PILI: NYUMBA YENYEWE

Msifikirie jumba la kifalme. Nyumba ya Mbizanti wa Athene ni vyumba vilivyozunguka ua. Kuta ni mawe madogo madogo yaliyoshikwa kwa udongo, ila kwenye pembe na kwenye kizingiti cha mlango unakuta bonge la marumaru lililochongwa vizuri mno, halifanani kabisa na wenzake. Hilo limeng'olewa kwenye jengo la kale. Fundi wa karne ya 11 hakuwa mjinga, alijua jiwe lililonyooka linaweka pembe imara. Sakafu ni udongo ulioshindiliwa. Uani kuna kisima.

Kitu kinachonivutia zaidi ni hifadhi ya chakula. Walichimba sakafu wakazamisha mitungi mikubwa ya udongo, mingine mirefu kumfika mtu mzima kifuani, mdomo tu unabaki usawa wa sakafu, unafunikwa kwa jiwe. Humo nafaka, mafuta ya zeituni, divai. Asiye na mtungi anachimba shimo, analijengea mawe kuzunguka na kulipiga lipu. Nyumba moja inaweza kuwa na kadhaa. Sasa watu wenye mitungi mingi hivyo ardhini hawakuwa mafukara wa kutupwa.

Nalisema hilo kwa sababu kuna mtu aliwachafulia jina. Mikaeli Choniates alikuwa askofu mkuu wa Athene kuanzia 1182 hadi Wafaranga walipoingia. Msomi wa Konstantinopoli, kaletwa Athene na ndoto zake za Plato, kanisa lake kuu likiwa ndani ya Parthenoni yenyewe, maana wakati huo hekalu lile lilikuwa kanisa la Bikira Maria. Maandishi yake ni malalamiko mtindo mmoja: mji umechakaa, watu maskini, lugha yao mbovu, kodi zinawamaliza, maharamia nao hawalali. Wanahistoria walimwamini kwa muda mrefu kwa kuwa hakukuwa na shahidi mwingine. Halafu ardhi ikafunguliwa, ikaonyesha mitaa iliyobanana, makanisa mapya, vyombo vya mezani vilivyonakshiwa. Mimi namchukulia Choniates kama mtumishi aliyepangiwa kazi wilayani wakati moyo wake uko makao makuu. Shida za kodi na maharamia zilikuwepo kweli, lakini mji haukuwa maiti.

Kipanga wa Pwani

Mzee umenifurahisha hapo kwa huyo askofu 😂 Lakini tuwe wakweli. Nyumba za udongo na mitungi ziko kila kona ya Mediterania. Stoa aliyofundishia mwanafalsafa Zeno iko moja tu duniani. Mimi ningekuwa mkuu wa uchimbaji ningepiga sururu hadi chini bila kuangalia nyuma.

MzeeSururu

Kipanga, hiyo hoja yako ndiyo iliyotawala miaka mingi. Mwaka 1875 mnara wa Wafaranga uliokuwa juu ya Akropoli ulibomolewa, na aliyelipia ni Heinrich Schliemann, yule yule aliyechimba Troya. Sababu: unachafua sura ya kale. Ugiriki ilikuwa taifa jipya, inataka kujionyesha mbele ya Ulaya kwa sura ya Perikles, kiongozi wa Athene wa karne ya 5 kabla ya Kristo, na kila cha baadaye kilionekana uchafu wa kufagia.

Sasa njoo Agora. Baada ya 1922 Ugiriki ilielemewa na wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka Asia Ndogo, hela ya kununua mtaa mzima haikuwepo. Shule ya Kimarekani ya Masomo ya Kale iliyoko Athene ikaichukua kazi, fedha nyingi zikatoka kwa John D. Rockefeller Mdogo. Uchimbaji ulianza Mei 1931 chini ya T. Leslie Shear. Nyumba takribani 400 za mtaa wa Vrysaki zikavunjwa, eneo la kama hekta 12. Watu wakahamishwa. Hata kanisa la Panagia Vlassarou likaondolewa.

Kasi ilikuwa ya kutisha kwa viwango vya leo. Lengo lilikuwa kuufikia uwanja wa kale na kuutambua jengo kwa jengo. Tabaka la Bizanti likachorwa, likapigwa picha, likaondolewa. Ukienda leo katikati ya Agora unaona misingi ya karne ya 5 kabla ya Kristo, na ya Wabizanti huioni, ukiacha lile kanisa la Mitume. Na hata kanisa lenyewe lilikarabatiwa miaka ya 1954 hadi 1956, nyongeza za baadaye zikaondolewa ili lirudi kwenye sura ya mwaka 1000. Kila zama zinachagua nani abaki.

Baharia wa Piraeus

Wadau, mimi niko huku. Wabongo tupo Athene miaka na miaka, wengi tulishuka melini Piraeus. Ngoja niwape picha ya leo.

Ukipanda treni ya kijani kutoka Piraeus, ukishapita kituo cha Thiseio angalia kulia. Treni inapita ndani ya mtaro, Agora iko pale pale, unaweza kuhesabu mawe. Reli hiyo ilipitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaukata uwanja wa kale upande wa kaskazini. Madhabahu ya Miungu Kumi na Wawili, ambayo Waathene walipimia umbali wa barabara zao zote, nusu na zaidi iko chini ya reli. 2011 walipokuwa wanakarabati njia ilionekana, watu wakaandamana, wakaenda hadi mahakamani iachwe wazi. Ikafukiwa, treni ikaendelea.

Ukishuka Monastiraki shika mtaa wa Adrianou, ule wa mikahawa. Upande mmoja wanauza kahawa ghali, upande wa pili kuna uzio na shimo. Majira ya kiangazi unawakuta vijana wamepiga magoti na kofia zao, wanakwangua. Nilisimama siku moja nikamwona binti anasafisha ukuta mmoja wa mawe kwa brashi, taratibu mno, mawe yenyewe ya kawaida kabisa kama ya boma la mbuzi. Nikamuuliza msimamizi kupitia uzio, kwani huo ukuta una nini? Akaniambia ni nyumba ya Mbizanti, na kabla hawajashuka chini yake lazima kila jiwe liwe kwenye mchoro.

BintiMakumbusho

Baharia ahsante sana kaka. Huko kaskazini mwa reli ndiko kazi ilibadilika tabia.

Niongezee hapa. Stoa ya Kifalme, ambako Sokrates aliitwa kusomewa mashtaka mwaka 399 kabla ya Kristo, ilipatikana 1970 ubavuni mwa reli. Stoa Poikile, yaani ile yenye michoro, ambayo Zeno alifundishia na wafuasi wake wakaitwa Wastoiko, pembe yake ilipatikana 1981 ng'ambo ya mtaa wa Adrianou. Ndio hao Wastoiko waliobishana na Mtume Paulo sokoni, Matendo ya Mitume sura ya 17, na soko lenyewe ndilo hili hili. Ilijengwa karibu 470 kabla ya Kristo, ikawa na mchoro wa vita vya Marathon, na ngao walizowanyang'anya Wasparta zikatundikwa humo. Juu ya mabaki yake kulikuwa na nini? Nyumba za Wabizanti, kuta juu ya kuta. Ndiyo maana tangu 1981 mpaka leo bado hawajaimaliza.

Tatizo la nyumba hizi ni kwamba hazilali kimya. Mwenye nyumba anachimba kisima, kinashuka mita kadhaa, kinatoboa sakafu ya Warumi, kinatoboa ya Wagiriki, udongo wote unatupwa uani. Kwa hiyo unapata kigae kizuri cha Kigiriki chenye rangi nyeusi juu kabisa, ndani ya ua wa karne ya 11. Asiyejua atasema nyumba ni ya zama za Perikles. Kanuni ni moja: tabaka linapewa umri wa kitu kichanga kuliko vyote kilichomo. Vipande mia vya kale na sarafu moja ya Bizanti, sarafu inashinda.

Halafu kuna mitaro ya wang'oa mawe. Mtu anataka kujenga, anafuata ukuta wa zamani chini ya ardhi anang'oa jiwe moja moja hadi ukuta unaisha, shimo linajaa takataka. Mchimbaji wa leo anakuta mstari wa udongo laini wenye umbo la ukuta usiokuwepo. Ukiwa na haraka unaupita kwa sururu na ukuta umepotea mara ya pili.

Kipanga wa Pwani

Sawa dada, na sarafu inasemaje karne? Maana hata mimi naweza kudondosha shilingi ya 1966 leo.

MzeeSururu

Ndiyo maana nilisema sisahau. Kuanzia karibu 970, zama za mfalme Yohane Tzimiskes, dola ilianza kutoa sarafu za shaba zisizo na jina wala sura ya mfalme. Upande mmoja uso wa Kristo, upande mwingine maandishi: Yesu Kristo Mfalme wa Wafalme. Baadaye muundo ukabadilika badilika, msalaba, Bikira Maria, kila toleo na lake, hadi Aleksios wa Kwanza alipoifumua sarafu yote mwaka 1092. Serikali ilikuwa bahili: mara nyingi ilichukua sarafu ya zamani ikagonga muhuri mpya juu yake bila kuiyeyusha. Ukiiangalia kwa lenzi unaona mabaki ya muhuri wa chini. Kwa hiyo lipi lilitangulia na lipi lilifuata linasomeka kwenye shaba yenyewe.

Sasa sakafu ya kwanza ya nyumba ina toleo la mwanzo, sakafu iliyoshindiliwa juu yake ina toleo la miaka sitini baadaye, kifusi cha juu kina toleo la mwisho. Hapo una historia ya familia kufanya ukarabati. Kuhusu shilingi yako ya 1966, ndiyo, sarafu inaweza kudondoka ikiwa kuukuu. Inakwambia sakafu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukomo wa upande wa pili unautafuta kwenye vyombo.

Na vyombo navyo vina mpangilio wake. Katika karne ya 12 ilishamiri mbinu ya kupaka sahani udongo mweupe, kisha kuchora kwa ncha kali hadi wekundu wa chini utokee, halafu rangi ya kioo juu: ndege, sungura, mizunguko mizunguko. Aliyeiweka mezani elimu hii kwa upande wa Athene ni Alison Frantz. Wengi wanamjua kama mpiga picha wa Agora, ila mwaka 1938 alichapisha makala kuhusu vyombo vya Bizanti vya hapo, wakati wenzake karibu wote macho yao yako kwenye Wagiriki wa kale. Margaret Thompson akafanya kama hivyo kwa sarafu, kitabu chake cha 1954 kinaanzia Warumi hadi zama za Venisi. Mimi nawapa hawa wawili heshima kubwa. Bila wao yale matabaka yaliyoondolewa haraka miaka ya thelathini yangekuwa yameenda na maji.

mtu_wa_kimya

Huwa nasoma tu sichangii. Swali: kama waliondoa, hizo taarifa ziko wapi? Au ndiyo zimekwenda Marekani?

BintiMakumbusho

Hazijaenda popote mkuu. Vitu vyote ni mali ya Ugiriki kisheria. Stoa ya Attalos, iliyojengwa katika karne ya 2 kabla ya Kristo na mfalme wa Pergamo, ilijengwa upya kati ya 1953 na 1956 kwenye misingi yake, ndiyo makumbusho na ghala. Madaftari ya wachimbaji tangu 1931 yamehifadhiwa, yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure. Ni madaftari ya kazi hasa: "ukuta unaendelea magharibi", kijichoro cha kalamu, kipimo, namba ya kitu. Kila eneo la uchimbaji lina herufi zake za Kigiriki, kila kigae kilichosajiliwa kina herufi ya aina yake na namba. Siku hizi wanaandika kwenye tableti pale pale shimoni.

Ndiyo maana unaweza leo kukaa Dodoma ukafungua ukurasa wa 1934 ukaona ukuta wa Mbizanti ambao haupo tena duniani. Ila utaona pia ufupi wake. Unapata mistari miwili kuhusu chumba kizima, na kurasa sita kuhusu kipande cha sanamu. Mbegu, mifupa ya samaki, majivu ya jiko, havikuchekechwa. Sasa hivi udongo unachekechwa, mwingine unaoshwa kwa maji ili mbegu zielee. Nyumba za kaskazini zitatuambia walikula nini. Za katikati hazitatuambia kamwe.

Kipanga wa Pwani

Hapo umenibana kidogo. Lakini bado: wakishachora, wanavunja?

MzeeSururu

Mara nyingi ndiyo. Uchimbaji ni kuharibu kwa utaratibu, huwezi kuona cha chini bila kuondoa cha juu. Msimamo wangu mimi: wakishazichora, wakazichekecha, wakazipima sakafu kwa sakafu, washuke chini, stoa ile ina haki ya kuonekana. Ila pale kwenye nyumba moja iliyosimama vizuri, yenye ua wake na mitungi yake, ningeiacha. Mtalii apite juu ya daraja aone zote mbili. Athene ina mawe ya Perikles ya kutosha kumchosha mtu, nyumba ya mama wa karne ya 11 ya kuingia na kuangalia haina.

Baharia wa Piraeus

Naunga mkono. Hata Wagiriki wenyewe wa huku, ukimuuliza kuhusu hilo shimo la Adrianou anakwambia "za kale". Zipi? Hajui. Halafu Jumapili yuko kanisa la Kapnikarea katikati ya mtaa wa maduka wa Ermou, jengo la karne ya 11 hiyo hiyo, anawasha mshumaa.

Kipanga wa Pwani

Mzee, hoja ya daraja ni nzuri kwenye maandishi. Ardhi ya pale bei yake ni ya ajabu, na kila nyumba ya Mbizanti ukiiacha umeziba mita kadhaa za stoa. Chagua basi ipi, na nguzo ngapi zibaki gizani.

MzeeSururu

Upande wa mashariki, ambako stoa bado haijafunuliwa yote. Pembe ya magharibi imeshaonekana, inatosha kuieleza. Hiyo ndiyo jibu langu, na najua kuna watakaonitukana.

mtu_wa_kimya

Mbona Thesalonike walipata barabara ya Bizanti kwenye kituo cha metro, Venizelou, wakaing'oa wakairudisha kituo kilipoisha? Metro ilifunguliwa Novemba 2024, abiria wanaiona pale chini. Kwa nini Athene wasifanye hivyo?

BintiMakumbusho

Hiyo ya Venizelou ina ugomvi wake mkubwa. Njia panda ya marumaru na maduka yake, wanaakiolojia wengi walitaka ibaki bila kuguswa, serikali ikaamua 2019 ing'olewe na kurudishwa, kesi zikafika Baraza la Dola, mahakama ya juu ya kesi za kiutawala. Marumaru ukiiwekea namba inarudi. Ukuta wa mawe na udongo wa Athene ukiung'oa unarudisha mawe, udongo na sakafu ya kushindiliwa havirudi. Mkuu, ifungulie uzi wake, mimi nitakuja na ramani.